Nyasi za Mfereji wa Kumi

Orathai alikuwa mkuu wa nyasi katika uwanja wa gofu ulio chini ya milima ya Nakhon Nayok. Watu wote walimwita Toi, jina lake la nyumbani, hata mwenye uwanja, Bwana Kamthon, ambaye alimthamini kwa sababu hakuogopa kumwambia hapana. Mwaka ule grini zilikuwa zimemharibikia. Pale penye shimo na bendera, ambapo nyasi hunyolewa mpaka karibu na ngozi ya ardhi ili mpira uteleze bila kurukaruka, palikuwa pameingiwa na nyasi ngeni, baka laini hapa, baka gumu pale. Mpira ukisukumwa unayumba, wachezaji wanatukana, na matusi yote yanaishia mezani kwa Toi.

Mashindano ya wanawake yalikuwa yanakuja msimu wa baridi. Kupanda vipando na kungoja vitambae mpaka vikutane kusingewezekana. Ilibidi kung'oa kila kitu na kununua nyasi zilizokwisha kukomaa shambani, zile zinazokatwa pamoja na udongo wake na kukunjwa kama mikeka. Kazi ya Toi ilikuwa kuchagua ni nyasi gani na zitoke shamba gani.

Kamthon alimpa sharti moja. Mtu aliyemtangulia Toi kwenye kiti kile alinunua mikeka kwa shemeji yake, na humo ndimo zilimokuja zile nyasi ngeni.

"Sitaki shemeji, sitaki binamu, sitaki mtu mliyekula naye sahani moja," Kamthon alisema. "Nataka nyasi tu."

"Utapata nyasi," Toi akamjibu.

Hakumwambia kwamba baba yake mzazi analima nyasi. Hakumwambia wakati ule, na hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kazini tangu aajiriwe. Siku za mwanzo kabisa, mezani, katikati ya wenzake ambao baba zao walikuwa madaktari na wakurugenzi, aliulizwa baba yake anafanya kazi gani, na jibu likamtoka lenyewe: alikuwa ofisa wa idara ya umwagiliaji, sasa amestaafu. Baada ya hapo haikutokea siku iliyofaa ya kulirudisha neno lile.

Ukweli ni kwamba mzee Bunlue alikuwa mkulima wa mpunga kando ya mfereji wa kumi, mkoa wa Pathum Thani. Bei ya mpunga ilipomchosha, akasawazisha majaruba yake na kuanza kuotesha nyasi za bustani juu ya tope lile lile. Nyasi hizo ndizo zilizomsomesha Toi chuo kikuu cha kilimo. Utotoni alizikata kwa sepetu kila likizo, na mpaka leo kidole chake cha shahada kina kovu la sepetu ambalo kazini alisema ni la mlango wa gari.

Walianza kuzunguka kutafuta, Toi, Kamthon, na Sawaeng, msimamizi wa vibarua, ambaye ndiye aliyeendesha gari. Shamba la kwanza lilikuwa na nyasi nzuri kwa juu tu, lakini Toi alipopiga magoti na kupekua kwa vidole, akakuta jani jingine limejificha ndani yake. Wakaondoka. La pili lilikuwa Kanchanaburi, la mama mmoja mkavu wa maneno aitwaye Lamduan, aliyeotesha nyasi za bermuda zenye jani dogo sana juu ya mchanga wa mtoni. Toi alikata kipande, akakitikisa, mchanga ukadondoka kama chumvi, mizizi ikabaki inaning'inia myeupe. Alifurahi mpaka akacheka peke yake.

"Ndiyo yenyewe," alimwambia Kamthon.

"Tuone na nyingine kwanza, ndipo nitaamini," Kamthon akasema.

Walipokuwa wanarudi, barabara kuu ilijaa foleni. Sawaeng akakata kona kuingia njia ya mifereji.

"Rudi barabara kuu," Toi alisema.

"Dada, kule tutalala. Huku nakujua vizuri."

Toi naye alikujua vizuri. Alihesabu madaraja kimoyomoyo, akitumaini gari lipite haraka. Lakini Kamthon, aliyekuwa anatazama nje kwa uchovu, aliona ubao umepigiliwa kwenye mti wa mkaratusi: NYASI ZA BUNLUE. BUSTANI, NYUMBA, na chini yake, kwa rangi mpya kuliko ile ya juu, VIWANJA VYA GOFU.

"Simamisha," Kamthon alisema. "Huyu anauza za gofu."

Toi hakuwahi kuyaona maneno yale ya chini. Lakini alielewa mara moja yaliandikwa lini na kwa sababu gani. Yaliandikwa baada ya yeye kupata kazi.

Angeweza kusema mle mle garini. Sababu alikuwa nayo, tena ya heshima: bwana, ulikataza shemeji na binamu, sasa huyu ni zaidi ya shemeji, tusishuke. Kamthon angemsifu. Lakini angeisema hiyo, angelazimika kusema na lile jingine la ofisa wa umwagiliaji. Akafungua mlango, akashuka.

Bunlue alikuwa ndani ya jaruba, miguu mitupu, tope limefika magotini, kitambaa cha mistari kimezungushwa kichwani. Aliinua uso, akamwona binti yake amevaa kofia ya kazi na viatu vyeupe, na uso wake wote ukafunguka.

"To—"

"Samahani, mzee," Toi akamkata. "Mwenye shamba tunaweza kumpata?"

Sawaeng hakugundua kitu, Kamthon alikuwa anatafuta pa kukanyaga. Bunlue alimtazama binti yake, akawatazama wale wanaume wawili, akalitazama gari. Kisha akapanda tutani, akafuta mikono kwenye kaptura, akaunganisha viganja mbele ya uso na kumwinamia.

"Ni mimi mwenyewe, madam. Karibuni."

Mzazi hamtangulii mwanawe kwa salamu ile. Kwenye mifereji husemwa kwamba inampunguzia mtoto maisha. Toi aliipokea amesimama wima, akaijibu upesi upesi kama mtu anayefukuza nzi.

"Tunatafuta nyasi za grini," Kamthon alisema. "Huyu ndiye mtaalamu wetu. Akisema ndiyo, ndiyo. Akisema hapana, mimi nanyamaza."

"Madam aangalie kwa nafasi yake," Bunlue akasema.

Toi aliangalia. Alikata kipande, akakigeuza juu chini. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa umeng'ang'ania mizizi kama unga uliokandwa, mweusi, unang'aa. Akaeleza, na yote aliyoeleza yalikuwa kweli: ukiweka udongo kama huu juu ya kitanda cha mchanga, maji yanakaa juu kama kwenye sahani, mizizi inakataa kushuka, mvua zikikolea grini inaoza. Tena jani lenyewe ni pana, halivumilii kunyolewa chini. Angeishia hapo ingetosha.

"Kwa hiyo si za gofu?" Kamthon akauliza.

"Labda kama ng'ombe nao wanacheza," Toi alisema.

Kamthon alicheka kwa nguvu. Sawaeng akacheka. Na Bunlue naye akacheka, kile kicheko cha muuzaji mbele ya mteja, akatikisa kichwa akisema, "Hapo madam kanipata, hapo kanipata kweli."

Mama yake Toi, Chamnian, alitoka nyumbani na sinia la maji ya barafu kwa wageni. Alimwona Toi kutoka mbali na hatua zake zikakazana. Bunlue akamwahi.

"Mama, hawa ni wageni kutoka uwanja wa gofu. Huyu madam ni mkuu wa nyasi. Wape maji."

Chamnian alisimama. Alimtazama mumewe, akamtazama madam. Akampa Kamthon maji, akampa Sawaeng, na wa mwisho akampa Toi, kwa mikono miwili.

"Kunywa, madam," alisema. "Usiogope, bilauri ni safi. Nimeiosha mwenyewe."

Toi akanywa yote, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Kamthon hakutaka kumwacha mzee mikono mitupu. Alimpenda kwa kile kicheko. Akauliza kama hakuna nyasi nyingine, na Bunlue akamwonyesha jaruba la upande wa pili, nyasi za jani jembamba zinazoshikana kama sufi, zinazofaa miteremko ya kuzunguka grini, mahali ambapo udongo mzito hauna madhara makubwa. Kamthon akamgeukia Toi. Toi akasema ni kweli, zinafaa. Hapo hapo kwenye benchi Kamthon akapatana naye: mzee atazileta na kuzitandaza yeye na watu wake. Kutoka hapo mpaka Nakhon Nayok, Kamthon na Sawaeng walirudia mara kwa mara habari ya ng'ombe wanaocheza gofu. Toi alitazama dirishani.

Usiku alipiga simu nyumbani. Alipokea mama.

"Shamba la Bunlue. Unataka za watu au za ng'ombe?"

"Mama."

"Aa, ni madam. Mzee yuko kuoga. Kasema ukipiga nikwambie mzigo utakuja kwa wakati."

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Mimi nimekufanyia nini? Nimekupa maji, ukanywa, ukaenda zako."

"Niliogopa bwana Kamthon angedhani—"

"Toi," mama alisema, na sauti yake sasa haikuwa na mchezo, "mimi nakujua tangu hujaota meno. Waambie hayo watu wa gofu." Akakata.

Mikeka ya Kanchanaburi ililetwa, ikatandazwa juu ya mchanga ulionyooshwa, ikabanwa kwa gurudumu zito la kushindilia, ikanyweshwa. Ilikuwa kazi nzuri na Toi aliisimamia kwa makini, huku moyo wake ukiwa kwenye geti la uwanja. Siku lori la baba yake lilipoingia, alijifanya ana kazi upande wa bwawa.

Bunlue alikaa uwanjani wiki nzima. Kila asubuhi alimwita madam, kila mara alivua kofia. Hakukosea hata walipobaki wawili tu. Toi alimkuta peke yake kwenye mteremko, anagonga kipande cha nyasi kwa kiganja kikae sawa, akamwambia kwa sauti ndogo, "Baba, umekula?"

"Mzee ameshakula, madam, ahsante," Bunlue akajibu bila kuinua kichwa. "Vibarua wako ni wakarimu."

Hakuwa anamkomoa. Hilo ndilo lililomtesa Toi. Ingekuwa ni kisasi angekipokea. Mzee alikuwa anamtunzia siri kwa bidii ile ile aliyotumia kusawazisha matope.

Vibarua walimpenda mno, wakawa wanamwita Mjomba. Mchana walikula pamoja bandani kwenye mashine za kukata nyasi, wali na samaki wa kukaanga na pilipili ya kutwanga. Toi alikuwa nyuma ya banda anakagua mkanda wa mashine aliposikia Sawaeng akiuliza:

"Mjomba, una watoto?"

"Nina binti mmoja."

"Anakusaidia nyasi?"

"Yuko mbali. Ana kazi kubwa."

"Anakutumia chochote, au ndio hawa wa siku hizi?"

"Ananitumia kila mwezi, hajakosa. Binti mzuri."

"Kama bosi wetu huyu Dada Toi," Sawaeng alisema. "Mkali, lakini hana dharau. Baba yake alikuwa ofisa mkubwa wa umwagiliaji, ujue."

Kulikuwa na sauti ya kijiko kikikwangua sahani.

"Inaonekana," Bunlue alisema. "Mtu aliyelelewa vizuri anaonekana tu."

Toi alibaki amechuchumaa nyuma ya banda mpaka waliposimama kurudi kazini. Mkono wake ulikuwa umejaa grisi na hakukumbuka alikuwa anatafuta nini kwenye ile mashine. Alitamani mtu amtukane kwa sauti kubwa, mbele za watu, apumzike.

Kesho yake mchana, kazi ya miteremko ikikaribia kuisha, Kamthon alikuja na kigari chake cha umeme akamkuta Toi chini ya kivuli karibu na jumba la wachezaji. Pale mbele yao, kwenye grini mpya, alisimama Bunlue. Alikuwa amevua buti zake, amezishika mkononi, na miguu mitupu ilikuwa juu ya zile nyasi za Kanchanaburi. Akainama, akapitisha kiganja juu yake, polepole, kama anayempapasa mtoto kichwani.

"Hee! Toi!" Kamthon aling'aka. "Mwambie yule mzee atoke kwenye grini yangu. Hazijashika zile."

Vibarua waligeuka. Bunlue pia alisikia, akaanza kurudi nyuma kwa ncha za vidole.

"Yule ni baba yangu," Toi alisema.

"Sawa, na kwangu mimi ni mjomba. Atoke tu."

Toi alikuwa amelibeba neno lile muda mrefu, na sasa lilipotoka likapita kama heshima ya kawaida kwa mtu mzima yeyote. Angeweza kuliacha lipite. Kamthon alikuwa tayari amegeukia kigari chake.

"Bwana Kamthon, sisemi kwa sababu ya mvi zake." Akapandisha sauti. "Ni baba aliyenizaa. Nyumba ile ya mfereji wa kumi ndiyo nyumba yetu. Yule mama aliyetupa maji ni mama yangu. Baba yangu hajawahi kuwa ofisa wa umwagiliaji, nilidanganya. Analima nyasi."

Sawaeng alikuwa karibu, ameshika reki. Aliteremsha macho na hakuyapandisha tena.

Kamthon akauliza kile ambacho mfanyabiashara lazima aulize. "Ulinipeleka kwa baba yako?"

"Wewe ndiye uliyesema simamisha."

Akafikiri. Akakumbuka. "Na zile bei?"

"Ulipatana naye wewe, kwenye benchi. Mimi sikufungua mdomo."

"Ulifungua," Kamthon alisema. "Ulisema habari ya ng'ombe." Alivua kofia akajipangusa paji la uso, na Toi aliona kwamba yeye naye masikio yamewiva kwa aibu. "Nilicheka. Mbele ya baba mtu, mbele ya mwanawe, nilicheka. Mama yako alikuwepo?"

"Alikuwa anakuja na maji."

"Ungeniambia nisingecheka."

"Najua."

Kamthon alivaa kofia. "Kazi yako sina shida nayo. Ila kuanzia sasa atakayechagua mashamba ya kununulia ni mtu mwingine. Wewe utamwambia nyasi nzuri ni zipi, basi. Nitakuaminije jambo la nje kama la nyumbani umelificha?" Kisha akaondoka, akazunguka na kigari mpaka pale Bunlue alipokuwa anavaa buti, akashuka, akaunganisha viganja na kumwinamia sana yule mzee. Bunlue alibabaika, buti moja imo mguuni, nyingine mkononi.

Toi alimfuata baba yake kwenye lori. Alitaka kupiga magoti pale pale kwenye kokoto, mzee akamshika mkono.

"Simama, watu wako wanatazama."

"Waache watazame, baba."

"Kwa nini umesema? Ilikuwa imebaki kazi ya kesho tu. Baba angeondoka, wewe ungebaki salama. Sasa wamekunyang'anya kazi ya kuchagua."

"Nisingeweza tena."

Bunlue alipanda kwenye ngazi ya lori akaketi. "Ulipojifanya hunijui, baba hakuumia. Baba alidhani kuna jambo, mtoto ana sababu, nimsaidie haraka. Kweli kabisa, nilijisifu moyoni kwamba nimeelewa upesi." Alitazama mikono yake. "Ila ile ya ng'ombe. Ile hukulazimika."

"Sikulazimika," Toi alisema.

"Nyasi zako zile pale ni nzuri. Za yule mama wa Kanchanaburi. Nilitaka kuzishika tu, nione zinafananaje. Zangu haziwezi kuwa vile, udongo haukubali. Ningejua mapema nisingeandika ubao."

Baba akamwomba amletee maji, Toi akaenda kuyaleta.

Mashindano yalifanyika, na grini zilisifiwa sana. Mchezaji mmoja kutoka Korea aliomba kumsalimia mtu aliyezitengeneza. Kamthon akamsukuma Toi mbele, watu wakapiga makofi, na yeye akasimama anatabasamu huku akiwaza buti mbili zilizoshikwa mkononi. Sawaeng alikuwa bado anamheshimu, lakini ule utani wa zamani haukuwepo. Mwaka mzima aliogopa kumtania, asije akagusa mahali.

Aprili, siku za mwaka mpya wa kwao, Toi alikwenda mfereji wa kumi na bakuli la maji yenye maua ya yasmini kuwamiminia wazazi mikononi. Siku hiyo mtoto huomba msamaha kwa aliyoyatenda kwa neno au kwa vitendo, akijua au asijue. Kila mwaka aliyasema maneno hayo yote kwa mkupuo. Mwaka huu alifika kwenye "akijua" akakwama. Akayasema aliyoyajua, moja baada ya jingine, ameinama, mpaka lile la kovu la mlango wa gari. Baba alilia. Mama aliacha maji yapite katikati ya vidole vyake, akakaa kidogo, ndipo akamwekea mkono kichwani.

"Maji yenyewe ya baridi," alisema. "Nenda kale, umekonda."

Walipokuwa wanakula, jirani mmoja aliyehamia karibuni kwenye mfereji ule alipita kuulizia nyasi za kaburi la mkewe. Akamwona Toi.

"Na huyu ni nani, Bunlue?"

Bunlue alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akamgeukia binti yake na kumtazama, kwa upole, akimngojea aseme yeye.

"Mimi ni mwanawe," Toi alisema.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile na ndivyo ilivyo mpaka sasa. Mtu akiuliza, mzee humtazama kwanza. Toi amemwambia mara nyingi aache, aseme tu. Naye hukubali, husema sawa, kisha mgeni mwingine akija, humtazama tena.